Nimepata ajira ya ualimu Newala, lakini mikono yangu iko kwenye udongo wa Ikombe

Shikamoo shangazi. Naomba usitoe jina langu maana Mbeya mji mkubwa ila watu tunajuana, na mzee wangu siku hizi anasoma sana mambo ya mtandaoni tangu dada amnunulie simu.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Kwetu asili ni Tukuyu ila nimekulia hapa mjini kwa sababu mzee alikuwa mfanyakazi wa reli mpaka alipostaafu. Nilisoma ualimu wa sekondari, kemia na baiolojia, mzee akauza ng'ombe na kipande cha shamba la migomba kuongezea pale mkopo wa bodi ulipoishia. Nikamaliza chuo nikakaa mtaani kama wenzangu, nikawa najitolea shule moja ya binafsi, wanakupa hela ya nauli na vocha basi.

Sasa hii ishu ilianzia Matema. Tulienda msibani Kyela, baada ya mazishi tukasema tufike Ziwa Nyasa, ilikuwa Jumamosi na gulio la Lyulilo limejaa, mitumbwi inaingia kutoka kijiji cha Ikombe imebeba vyungu juu ya vyungu, akina mama wa Kikisi wanavishusha wanavipanga chini. Nikashika kimoja. Shangazi sijui nikuelezeje, kilikuwa chepesi na mdomo umelingana kuzunguka wote, nikadhani kimetengenezwa na mashine, mama mmoja akanicheka akasema ni mikono yangu hii, hata gurudumu hatuna. Nikarudi Mbeya nakiwaza hicho chungu tu.

Nikaanza kwenda. Mwanzoni walinicheka sana maana kwa Wakisi ufinyanzi ni kazi ya akina mama, binti anafundishwa na mama yake au bibi yake, wanaume wako ziwani wanavua. Yule yule mama ndo akanikubali, mimi namwita Mama tu. Hakunifundisha kufinyanga kwanza, alinipa kazi ya kuchimba udongo, kuubeba, kuutwanga, kuutoa mawe, muda mrefu tu, baadae ndo akaniruhusu kukaa nae chini. Leo nafinyanga mtungi unakaa maji, na nimeongeza vya kwangu, vikombe vya kahawa, vifuniko vya taa, sahani kubwa za kutundika ukutani, na kwa vile nimesoma kemia nimeanza kujaribu rangi za udongo wa sehemu tofauti tofauti. Picha naweka Instagram. Kuna mgahawa mmoja wa kahawa hapa mjini na hoteli mbili wananipa oda, na wageni wanaokuja kupanda milima wananunua. Chungu ambacho Matema kinauzwa 4,000 mimi hapa kikiwa na alama yangu chini nakiuza mpaka 35,000. Vingine nafinyanga mwenyewe, vingine nanunua kwa Mama na wenzake vikiwa havijachomwa, nakaa kule kule naviwekea nakshi zangu. Binti yake Mama siku hizi amenuna nuna kidogo lakini hiyo sio ishu kubwa.

Ishu kubwa ni hii. Majina ya ajira za walimu yametoka na mimi nimo. Nimepangiwa Newala, Mtwara, natakiwa kuripoti ndani ya siku 14 la sivyo nafasi anapewa mwingine. Nyumbani mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nikakaa kimya. Usiku nikamwambia mzee kwamba nafikiria kutokwenda. Akaniangalia akasema, "Nimeuza ng'ombe ili uje ukae chini na wanawake ufinyange vyungu?" Akanyanyuka, hatujaongea mpaka leo. Mama mzazi anasema niende tu, vyungu nitafinyanga nikistaafu. Mdogo wangu wa mwisho anaingia kidato cha tano, kuna vifaa na nauli na michango, macho yote yako kwangu.

Marafiki wengine wananiambia fuata moyo wako, wengine wanasema kichaa tu ndo anakataa ajira ya serikali. Kiukweli kuna mwezi hela ya vyungu inazidi mshahara wa mwalimu, na kuna mwezi haifiki hata kodi ya chumba, hasa masika. Mama wa Ikombe nae ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, naogopa nikienda Newala nikirudi sitamkuta. Sanaa hii ni yangu, nimeitolea jasho, na mimi ndo mwanaume wa kwanza kuifanya, nikiiacha nani ataipeleka mbele? Nisaidie shangazi, niende au nibaki?

Mfinyanzi wa kiume, Mbeya

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizi siku ambazo wewe na mzee mnapishana sebuleni bila salamu. Na hongera. Nakupa hongera mbili, ya ajira na ya mikono, maana zote umezihangaikia na kwenye barua yako nimeona vigelegele vya hiyo ya kwanza tu.

Nikikuelewa vizuri, una siku chache za kuamua, huku kuna mshahara wa uhakika, mzee, mama na mdogo wako wa kidato cha tano, huku kuna udongo, oda za hoteli na yule Mama mwenye magoti mabovu, na unaona ukichagua kimoja kingine ndo kimekufa hapo hapo. Umeniuliza niende au nibaki. Hilo sitakujibu kwa sababu sitakuwepo Newala wala Ikombe kuishi na hilo jibu, ila nina mambo nataka tuyaangalie wote.

Nianze na mzee. Lile neno limekuuma na lingemuuma yeyote. Lakini jiulize kama kweli kinachomsumbua ni wanawake na vyungu. Mtu aliyelea watoto wanne kwa mshahara wa kazi moja anaijua vizuri tofauti ya nyumba yenye mshahara na nyumba isiyo nao. Sasa amestaafu, ng'ombe hawapo, shamba limepungua, mtoto wa mwisho bado anasoma, na wewe unamwambia usiku ule ule wa vigelegele kwamba huendi. Hapo yeye anasikia hesabu haijatimia, sanaa haisikii kabisa. Umeshawahi kumpeleka Ikombe akaona? Una daftari la mauzo, mwezi kwa mwezi, pamoja na ile miezi ya masika? Picha za Instagram hazimwambii mzee kitu, daftari linamwambia. Inawezekana ukamwonyesha na bado akakataa, sikufichi, wapo wazee hawabadiliki, na hapo itabidi ubebe uamuzi wako bila baraka zake, na kwa mtoto wa kwanza huo ni mzigo. Ila kwa sasa mnagombania kitu ambacho mwenzako hajakiona hata siku moja.

Sasa kuna sentensi moja umeipita haraka haraka na mimi ndo nimekwama hapo. Binti yake Mama amenuna, lakini sio ishu kubwa. Mwanangu, mimi naiona kubwa sana.

Tuhesabu. Chungu cha Mama kinatoka kwake kwa bei ya gulio, kinafika mjini na alama yako chini, kinauzwa 35,000. Najua kuna nauli ya mtumbwi na ya kosta, najua kuna vinavyopasuka kwenye moto na vinavyovunjika barabarani hata ukivifunga kwenye majani makavu ya migomba, na nakshi zako zina thamani yake, sikatai, na kumtafuta mteja ni kazi. Lakini yule binti akifungua simu akaona ile picha, anaona mikono ya mama yake na jina la mtu mwingine. Yeye ndo wa kurithi ile kazi, na mteja wa mjini anakujua wewe. Kununa kwake huenda ni wivu wa kawaida, mimi sijamsikia. Huenda pia ana swali la haki kabisa na hana pa kulipeleka kwa sababu mama yake anakupenda. Je Mama mwenyewe anajua hiyo bei ya mjini? Kama hajui, ataambiwa na nani, wewe au mteja wako wa hoteli siku akienda kutembea Matema?

Na pale ulipoandika sanaa hii ni yangu, na kwamba wewe ndo mwanaume wa kwanza, na ukiiacha nani ataipeleka mbele. Naelewa, maana mtu aliyechekwa kwa kitu anakishikilia zaidi. Ila soma tena hayo maneno ukijifanya wewe ni binti wa Ikombe. Akina mama wale wamekuwa wanaipeleka mbele muda wote, mama kwa binti, mtumbwi kwa mtumbwi kila gulio, na ndo maana wewe ulikuta chungu cha kushika.

Kule Nigeria alikuwepo mama mmoja anaitwa Ladi Kwali, alifundishwa kufinyanga kijijini na shangazi yake, kwa mkono, bila gurudumu, kama Mama wako. Miaka ya 1950 Waingereza wakafungua kituo cha ufinyanzi Abuja, kina magurudumu, kina tanuri za kisasa, na vijana waliochukuliwa kufundishwa mwanzoni walikuwa wanaume, wakati vijiji vya kuzunguka pale wafinyanzi wenyewe ni akina mama! Ladi Kwali aliingia mwaka 1954, mwanamke wa kwanza pale, na kazi zake zikapita za wote, leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Angekosa hiyo nafasi yeye angebaki kijijini na mitungi yake, na jina lingeenda kwa waliopewa magurudumu. Sisemi wewe ni mwizi, elewa hapo, umebeba udongo wa watu mgongoni mpaka ukakubaliwa, ni heshima hiyo. Nasema pakishaingia hela na jina kazi inaweza ikahama mikononi mwa wenyewe bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Alafu yupo Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, nae alienda Abuja miaka ya 1970 akajifunza kwa wale akina mama, leo vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa Uingereza na kwingine, bado anafinyanga kwa mkono, na habari yake ikisimuliwa Ladi Kwali hakosi kutajwa. Kwako, jina la Mama liko wapi kwenye hizo picha?

Hili swali haliondoki ukibaki, litakua na biashara inavyokua. Na haliondoki ukienda. Ndo maana nimelitanguliza kabla ya Newala.

Haya tuje Newala. Umeandika kama vile kule udongo haupo. Uwanda wa Makonde una wafinyanzi wake, akina mama wa Kimakonde wanafinyanga mitungi tangu enzi na enzi, na sehemu ambayo maji ni shida na yanafuatwa mbali bondeni mtungi sio pambo. Na kuhusu mshahara kuua sanaa, mfikirie Edward Tingatinga, mtu wa Tunduru, unapita kwao ukiwa njiani kwenda huko kwako. Alipoanza kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuwa na studio, alikuwa mtu wa vibarua Dar es Salaam, baadae akapata kazi Muhimbili, akawa anachora muda unaobaki. Alifariki 1972 na mtindo wake bado unaitwa kwa jina lake.

Lakini sitaki nikupambie. Mwalimu wa kemia na baiolojia sio mwalimu wa kukaa, wa sayansi ni wachache, utapewa vipindi mpaka uchoke, maabara juu yako, madaftari juu yako. Udongo wa kule utaugomea mkono wako mwanzoni na wale akina mama hawakujui, utaanza tena kubeba na kutwanga. Uhamisho unaweza kuuomba ukausubiri miaka. Na mshahara unazoeleka, unachukua mkopo benki wa kujenga, unakatwa, unashtukia miaka kumi imepita na hujashika udongo. Likizo ya mwezi wa sita ungeweza kuja Ikombe, mvua imekata, vyungu vinakauka vizuri na moto unashika, ila ndo msimu wa upepo wa mwera huo, kuna siku mtumbwi hauondoki Matema na likizo yenyewe ni fupi na safari kutoka Newala mpaka Kyela unaijua. Na hofu yako kuhusu Mama ni ya kweli, sina maneno ya kuiondoa.

Kubaki nako kuna hesabu zake. Wateja wakubwa watatu ni wachache sana, meneja mmoja wa hoteli akibadilishwa theluthi ya kipato chako inaweza kwenda nae. Masika umesema mwenyewe. Mkopo wa bodi utakudai ukiwa na ajira au bila ajira. Na nafasi ya serikali ukiiacha usijipe moyo kwamba itakusubiri mwakani. Kwa upande mwingine, wewe huanzi kutoka sifuri kama wengi wanaoniandikia, una mikono, una wateja wanaolipa, una kitu ambacho mtu akikiona anauliza kimetoka wapi.

Kama unataka kuikuza, kuna vitu viwili nakuomba ukavione kwa macho kabla. Kimoja ni Neema Crafts pale Iringa, ilianzishwa na kanisa la Anglikana mwaka 2003, mafundi wake ni watu wenye ulemavu, nenda ukaone wanavyopanga bei na mteja anavyoambiwa kitu kimetengenezwa na nani, kaa nao muulizane. Cha pili ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Umeona hapo? Wewe peke yako hukopeshwi kama kikundi, lakini akina mama wa Ikombe wakijiunga wanaweza kuomba kwa jina lao, na wewe ni msomi unaweza kuwasaidia makaratasi. Ila mkopo ni deni, vyungu vikipasuka nusu kwenye moto marejesho yanadaiwa vile vile, na kikundi kikigombana kuhusu hela mnagombana watu wa kijiji kimoja, fikiri vizuri kabla ya kumshawishi mtu.

Kuna jambo lingine limekuja nikiandika, nalo lichukue kwa tahadhari. Umeona mambo mawili tu, mimi niende au mimi nibaki. Je oda za hoteli lazima ziwe mikononi mwako? Yule binti anafinyanga, anaishi pale pale, atakuwepo masika na kiangazi. Wewe unajua wateja na bei na jinsi ya kupiga picha. Ukienda Newala, anaweza akashika yeye biashara, kwa majina yote matatu au kwa majina yao wawili, na wewe ukawa na fungu lako la masoko na nakshi. Ukibaki pia inawezekana. Hatari zipo, anaweza akakataa kabisa baada ya kununa kote huko, anaweza akaona unamtwisha kazi ukiondoka, hela za kutumiana kwenye simu zinaleta maneno, na mteja wa hoteli anaweza akasema alikutaka wewe. Na kuna hatari ya upande wako, kwamba utagundua biashara inaenda bila wewe, na hilo nalo uwe tayari kulisikia moyoni linavyokaa.

Jiulize pia hili bila haraka: unachokipenda ni kufinyanga, au ni kujulikana kama mfinyanzi? Vyote viwili ni halali na mtu anaweza kuvipenda vyote. Ila kama ni kufinyanga kwenyewe, Newala unaweza kufinyanga jioni na hakuna anayekujua. Kama unahitaji na lile jina, basi Newala itakuumiza zaidi ya ninavyodhani, na ni bora ulijue sasa kuliko ukiwa umeshafika.

Siku 14 zinakwenda. Piga simu ofisi ya elimu ya halmashauri uliyopangiwa, uliza wazi wazi mwisho wa kuripoti ni lini na ukichelewa kwa sababu maalum inakuwaje, jibu lao liwe mkononi. Ukiamua kutokwenda waandikie, usiache tarehe ipite kimya kimya, kuna mwalimu mwingine yuko mtaani anaisubiri hiyo nafasi, na mzee nae akisikia umeandika barua kama mtu mzima atalichukulia tofauti na kusikia ulipotea tu. Lakini kabla ya simu na kabla ya barua, chukua kosta uende Kyela, uvuke Ikombe, ukae na Mama pamoja na binti yake, wote wawili, uwaambie bei za Mbeya bila kupunguza hata mia. Watakachokuambia kinaweza kukubadilishia hesabu zote ulizoniandikia hapa. Ukitoka huko niandikie tena, nitakuwa nasubiri.

Shangazi yako